Kifuu Kilichokataa Kuzama

Hapo zamani, wala si zamani ya kubahatisha, bali siku ya Jumanne, mwezi kumi na moja wa Mfunguo Tano, saa saba mchana ikiwa imebakiza kokoto mbili itimie, mtumishi wa Waziri aliingia katika banda la upatu mjini Shangweni akamkabidhi Mize binti Kombo donge la nta lililofungwa katika jani la mgomba. Akasema, "La leo hilo," akageuka akaenda zake kama mtu aliyeleta maziwa.

Mize alibaki nalo mkononi. Siku hiyo ndiyo iliyokuwa yake ya kwanza kazini, na hakuna aliyemweleza habari ya nta.

Mji wa Shangweni haukuwa na saa nyingine ila ile ya bandani. Palikuwa na beseni kubwa la shaba lililojaa maji, na juu ya maji kilielea kifuu cha nazi chenye tundu dogo, kiasi cha kupitisha sindano ya kushonea magunia. Maji yaliingia kidogo kidogo hata kifuu kikazama, na mtunza saa akakiopoa, akahamisha kokoto moja kutoka bakuli la kushoto kwenda la kulia, akakiweka tena. Kokoto kumi zikiisha kuhama, saa imetimia, naye huupiga upatu, sahani ya shaba iliyotundikwa bandani, kwa hesabu ya saa yenyewe; usiku hesabu ilisimama, na kukicha ikaanza upya. Kwa upatu huo maduka yalifunguliwa na watoto wakatoka chuoni. Kwa upatu huo pia waashi arobaini waliokuwa wakijenga ukumbi mpya wa Sultani walianza kazi saa moja asubuhi, wakapumzika saa sita hadi saa saba, na wakashuka darini saa kumi jioni.

Kabla ya Mize, kazi hiyo ilikuwa ya Ami Faki, ndugu wa baba yake, aliyeifanya miaka thelathini mpaka magoti yakamkatalia kusimama. Basi alfajiri ya Jumanne hiyo Mize alitia mikono yote miwili katika beseni mbele ya watu, kama desturi ilivyotaka, akaapa kwamba saa ya mkubwa na saa ya mdogo zitatoka katika tundu moja. Watu waliitikia, lakini wengine walicheka chinichini, kwa sababu Mize alihesabiwa kuwa punguani. Jirani akimwuliza ameamkaje, alijibu kwamba ameamka kwa ubavu wa kulia. Siku moja alitumwa akanunue samaki wa kutosha watu watatu, akarudi mikono mitupu kuuliza ni watu gani, maana wako watatu wanaokula wakashiba na wako watatu wasioshiba. Hakufanya hivyo kwa kiburi. Alikuwa na hofu tu ya kukosea, na hofu hiyo haikumpa raha usiku wala mchana. Kokoto zake alizihesabu mara tatu, kisha akazihesabu tena.

Ami Faki alilala katika chumba kilichopakana na banda, ukuta wa makuti kati yao. Mize hakuweza kukiacha kifuu, akamwuliza kupitia makuti nta ile ni ya nini.

"Bandika kidogo ndani ya tundu," ami yake akasema, "kiasi cha mbegu ya ufuta. Baada ya mapumziko ya mchana tu. Ukishapiga kumi, uibandue."

Kisha akamweleza mengine bila kuulizwa. Sultani Ngwali alimtarajia mgeni, sultani mwenziwe wa kisiwa cha pili, na ukumbi ulipasa kuwa umekwisha kupakwa chokaa kabla mgeni hajafika. Waashi walipatana kufanya kazi mpaka saa kumi na hawakutaka kuongeza. Ndipo Waziri Mahazi alipoona kwamba kuinyoosha saa ni kazi nyepesi kuliko kuwabembeleza watu arobaini. Ilikuwa masika, mawingu yametanda wiki nane, kivuli cha kupimia jua hakikuonekana mahali popote, ikawa saa tatu za alasiri zimekuwa nne na hakuna aliyejua. Waashi walirudi kwao giza likiingia, wakiyalaumu mawingu. Na kwa hisani hiyo tabibu wa Sultani alikuja kila Jumamosi kumsugua Ami Faki magoti.

"Ami, uliapa," Mize akasema.

"Niliapa nikiwa na magoti."

Mize aliiweka nta juu ya kizingiti, mbali na maji, na kokoto ya kumi ilipohama akapiga saba kwa tundu lililo wazi. Akapiga nane, akapiga tisa, akapiga kumi.

Waashi wakashuka darini, wakasimama uani wakitazama juu. Kulikuwa na mwanga. Mmoja aliuliza kama masika yamekwisha. Fundi Shaame, mkubwa wao, mtu mwenye haya na mwaminifu kupita kiasi, akaenda bandani akamwambia Mize kwa upole kwamba kazi ni ngeni kwake, haidhuru, lakini leo ametangulia kupiga, na wao hawataki kuambiwa wamekula muda wa Sultani. Mize akasema hakutangulia. Fundi Shaame akatikisa kichwa kwa huruma, akaenda kwake akifikiri kwamba mji umepata msiba.

Kumbe na kasrini mwanga ule ulikuwa umeonekana. Jumatano asubuhi Mize aliitwa barazani, na ami yake akashika upatu badala yake, hali ameketi.

Sultani Ngwali alikuwa mtu mnene mwenye sauti nzuri, na masika yalimwingia mwilini, kwa hiyo alikaa na blanketi miguuni. Waziri Mahazi alisimama kuliani pake akizichana ndevu zake kwa vidole. Zilikuwa ndevu maarufu, na nyusi zake vilevile.

"Ewe binti," Sultani akasema, "saa za mji huu ni za nani?"

"Ni za kifuu, Maulana."

"Na kifuu ni cha nani?"

"Cha Maulana."

"Basi saa ni zangu."

"Kifuu ni cha Maulana," Mize akasema. "Ila tundu halina mwenyewe. Ni pale ambapo kifuu hakipo."

Mtu mmoja nyuma ya baraza alikohoa ili asicheke. Sultani akahamaki, akasema hakumwita aje kumfundisha vifuu. Akamwambia kwamba kama nta haikuingia tunduni, Ami Faki atatolewa kitandani na kubebeshwa mawe ya ukumbi siku saba katika matope, na magoti yake yatajijua yenyewe. Mize aliposikia hayo aliinamisha kichwa. Kuapa alikuwa ameapa, na ami hakuwa naye mwingine.

"Sema umesikia amri," Sultani akasema.

"Nimesikia, Maulana. Nataka nisikosee, kwa hiyo nauliza. Nianze lini?"

"Kesho mchana."

"Yaani kuanzia upatu wa saa sita?"

"Mchana huanza saa ngapi kwenu? Ndiyo, saa sita."

Hapo Waziri akafungua kinywa, maana yeye alijua kwamba saa sita si wakati wake. Sultani akamwinulia mkono anyamaze.

"Na nizibe kiasi gani?"

"Kuziba ni kuziba," Sultani akasema. "Nimekuambia ziba tundu, nawe unaniuliza kama mshonaji apimaye kanzu. Waziri, nimesema unyamaze. Tena nikuongezee, kwa kuwa jana watu walishuka darini kabla ya wakati ninaoutaka mimi. Hakuna mtu katika mji huu atakayeacha alichokishika mpaka upatu ulie. Atakayeacha, yeye ndiye atakayebeba mawe siku saba."

"Mkubwa na mdogo?"

"Mkubwa na mdogo."

"Na aliye mkubwa kuliko wote?"

Sultani akatabasamu, kwa sababu swali lilimpendeza. "Hata mimi. Sheria yangu haina mlango wa nyuma."

Mize akaomba iandikwe. Karani akaiandika, Sultani akaipiga muhuri, na kabla ya adhuhuri mpiga mbiu alikuwa ameitangaza mitaani kote, nyumba kwa nyumba.

Jioni hiyo Mize hakula. Aliketi karibu na kitanda cha ami yake, akamwomba jambo moja tu: kesho, upatu wa saa sita ukilia, akitie kifuu chake cha zamani, kile chenye tundu la kipimo kilekile, katika beseni la kufulia humo chumbani, ahesabu kokoto kwa haki, asiruke hata moja. Ami Faki akauliza kwa nini, na hali bandani kuna beseni na mhesabuji. Mize akamjibu kwamba kesho bandani hakutakuwa na hesabu. Mzee akauliza kokoto ziko wapi.

Ikawa Alhamisi. Mize alipiga sita, na mji ukasikia. Waashi waliweka miko chini, wakajinyoosha katika kibanda chao cha makuti. Katika uwanja wa kasri, chini ya dirisha la Sultani, Waziri Mahazi aliketi kwenye kigoda cha Mzee Vuai, kinyozi, apunguzwe nywele kwa ajili ya mgeni. Jikoni mpishi alianza kukoroga wali wa nazi. Na chumbani Sultani mwenyewe aliinama juu ya chungu cha maji ya moto yenye mvumbasi na mchaichai, akafunikwa mablanketi matatu, kwa kuwa tabibu alimwandikia mvuke wa viungo, tangu upatu wa saa sita mpaka upatu ufuatao, asipunguze.

Naye Mize akachukua nta, akaziba tundu. Hakubandika kiasi cha mbegu ya ufuta. Aliziba, akalisawazisha kwa kidole gumba, akakimwagia kifuu maji kukijaribu, kisha akakiweka juu ya beseni. Kikaelea. Akaketi, akaweka mikono magotini, akakitazama.

Wakati wa kawaida wa mapumziko ukapita. Fundi Shaame akawa wa kwanza kuhisi, maana mgongo wake ulikuwa umezoea. Akainuka nusu, akasema wamelala mno. Mwashi aliyekuwa karibu naye akamshika kanzu.

"Keti, Fundi. Umeshika mapumziko. Ukiyaacha kabla ya upatu utabebeshwa mawe."

Fundi Shaame akafikiri, akaona kwamba ni kweli, akalala tena kwa wasiwasi mwingi. Wenziwe walilala bila wasiwasi wowote.

Uwanjani Waziri alijipapasa kichwa, akasema inatosha. Mzee Vuai akamjibu kwa adabu kwamba mpiga mbiu alipita hata mlangoni kwake, na kwamba yeye ameshika wembe. Waziri akataka kuinuka, akakumbuka kwamba na yeye ameshika kigoda, na kwamba watu wanapita. Akakaa. Nywele zikaisha. Mzee Vuai akaingia katika ndevu, polepole, akiomba radhi kila mara. Ndevu zikaisha, akaingia katika masharubu. Jikoni wali ulikuwa umekwisha kuwa uji, na mpishi bado anakoroga, machozi yakimtoka.

Lakini msiba mkubwa ulikuwa juu ghorofani. Sultani aliuliza chini ya mablanketi kama upatu umelia. Tabibu akasema bado. Akauliza tena, akajibiwa vilevile. Chungu kilipoelekea kupoa, tabibu akaleta kingine chenye moto, kwa kuwa yeye ameshika kazi ya kufukiza na hakuwa na ruhusa ya kuiacha. Chungu cha tatu kikaja, na cha nne. Mwishowe Sultani akaburuta mablanketi yake matatu na chungu chake hadi dirishani, akatoa kichwa nje, mvuke ukipanda kuzunguka masikio yake, uso wake umekuwa kama kamba aliyechemshwa. Banda la upatu lilikuwa chini yake, hatua ishirini tu.

"Mize," akaita, "ni saa ngapi?"

Mize akasimama kwa heshima. "Upatu wa mwisho ulikuwa wa saa sita, Maulana."

"Huo niliusikia nikiwa mtu mzima. Sasa ninayeyuka. Piga saba."

"Kifuu hakijazama, Maulana. Kinaelea vizuri."

"Kwa nini hakizami?"

"Kimezibwa tundu."

Waashi walikuwa wamenyanyua vichwa katika kibanda chao, na watu waliokuwa uwanjani wakasogea, kila mmoja na alichokishika. Sultani akafuta jasho machoni. Akauliza mbona jana hakumwambia kwamba kifuu kilichozibwa hakizami.

"Maulana hakuniuliza. Mimi niliuliza nizibe kiasi gani."

"Waziri hakukuambia? Kidogo tu, kiasi cha ufuta, kama alivyokuwa akifanya ami yako."

Pale pale Sultani akajua kwamba amesema neno asilopasa kulisema dirishani. Lakini lilikuwa limekwisha kutoka, na masikio arobaini mara mbili yalikuwa yamelipokea. Fundi Shaame akainuka kutoka katika mapumziko yake, akasahau habari ya mawe.

"Ningeziba kidogo," Mize akasema, "ningepiga kumi na hali si kumi. Maulana aliniamuru nizibe tundu, nimeziba. Hakuniamuru niseme uongo. Upatu ulionyamaza haujamdanganya mtu. Kama Maulana ataka niwadanganye hawa, na aseme hivyo kutoka hapo alipo, niisikie amri, nao waisikie."

Uwanja wote ukamtazama Sultani. Angeweza kusema. Alikuwa na walinzi na muhuri na mawe ya kutosha. Alifungua kinywa, akawatazama wale watu waliokuwa na chokaa mpaka kwenye kope za macho, waliorudi kwao giza likiingia wiki nane wakiyalaumu mawingu, akakifunga.

"Sisemi," akasema. "Toa nta."

"Ya jana iliandikwa, Maulana."

"Basi na hii iandikwe. Tundu lisizibwe tena, si kwa amri yangu wala ya mwingine. Karani, andika upesi, nakuomba."

Karani akaandika, Sultani akapiga muhuri kwa mkono uliolowa. Mize akachukua sindano ya magunia, akatoa nta yote, akalitazama tundu mbele ya mwanga. Lakini hakuupiga upatu. Alisubiri. Na mlango wa chumba cha pili ukafunguliwa, Ami Faki akatoka akijikokota kwa fimbo, ameshika bakuli.

"Kokoto thelathini," akasema. "Ya mwisho imehama sasa hivi."

Mize akapiga tisa. Mpishi akatupa mwiko, tabibu akaangusha chungu cha sita, na Sultani akavua mablanketi akashusha pumzi iliyosikika uwanjani.

Ami Faki hakurudi chumbani. Aliendelea kujikokota mpaka katikati ya uwanja, akawaambia waashi kwa kinywa chake mwenyewe kwamba mkono uliokuwa ukibandika nta ni wake, na kwamba alilipwa kwa kusuguliwa magoti. Waashi wengine walikuwa na la kusema, wakamwachia mkubwa wao.

"Mzee Faki," Fundi Shaame akasema, "wiki nane mke wangu ananiuliza nikitoka kazini napita kwa nani. Mawe hutabeba. Lakini leo utakuja kwangu umweleze wewe, na nyumba nyingine thelathini na tisa baada ya yangu."

Watu wakacheka, na Sultani akacheka kwa kulazimika. Akamwuliza Mize ataka nini, akidhani ataomba nyumba au nguo za hariri. Mize akasema kwamba wiki nane, Ijumaa zikitolewa, ni siku arobaini na nane, na kila siku ilichukuliwa saa moja, na siku ya kazi ina saa nane, kwa hiyo waashi wanadai siku sita kamili za kukaa kwao. Sultani akauliza, na mgeni je? Mize akajibu kwamba mgeni akiuliza kwa nini ukuta mmoja hauna chokaa, Maulana atamweleza, maana sasa ana habari nzuri ya kumsimulia.

Sultani akataka kukasirika. Lakini akashusha macho uwanjani kumtafuta Waziri wake amshauri, na Waziri alikuwa ameinuka kwenye kigoda, hana nywele, hana ndevu, hana masharubu, na katika nyusi zake mbili amebakiwa na moja. Akainama kwa heshima zake zote. Hapo Sultani Ngwali alishika kizingiti cha dirisha akacheka kicheko cha kweli, mpaka tabibu akamrudishia blanketi moja, akasema wapewe siku zao sita, na Mize abaki katika kazi yake maadamu yu hai, na Waziri asitoke nje mpaka alingane pande zote mbili. Mzee Vuai akauliza kama amalizie.

Kesho yake, Ijumaa, jua likatoka, la kwanza tangu masika kuanza. Mize aliamka kabla ya watu, akapanda juu ya kigoda na kisu mkononi, akakata kamba za makuti ya banda la upatu, ukuta baada ya ukuta, pande zote nne, akaacha paa na nguzo tu. Akalivuta beseni mpaka katikati, mtu yeyote apitaye alione. Mwanamke mmoja aliyekuwa akienda kuuza vitumbua akasimama, akamwuliza kama haogopi kukaa wazi hivyo, kila mtu akimtazama anavyofanya kazi.

"Naogopa," Mize akasema. "Lakini na mimi nitachoka siku moja. Nataka mniangalie."

Akamwomba yule mwanamke apitishe sindano ya magunia tunduni kuhakikisha, naye akapitisha. Kisha Mize akakiweka kifuu juu ya maji.